Dhahabu ya Tabora na Manowari ya Bomba Tatu

Kabla Mjerumani hajafika, rupia iliyozunguka pwani yetu ilikuwa ya Bara Hindi, ya fedha, ndiyo iliyolipia boriti za mikoko zilizotoka delta ya Rufiji kwa majahazi. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ikatoa rupia yake yenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Mwaka 1904 hesabu ya pesa 64 kwa rupia ikafutwa, rupia moja ikawa heller 100. Sarafu hizo zilipigwa Ujerumani zikaletwa kwa meli, na hapo ndipo mambo yalipokuja kukwama vita na Waingereza vilipozuka.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Salale. Wenyeji waliiita manowari ya bomba tatu, kwa dohani zake. Waingereza wakaziba milango ya mto, na Julai 11, 1915 manowari zao Severn na Mersey zikaimaliza. Kapteni wake, Max Looff, aliitoboa mwenyewe isije ikatekwa. Mizinga yake kumi ikaopolewa, ikakokotwa nchi kavu kwenda kupigana bara. Mtu wa Mbwera, huko delta, akiulizwa vita vya Wajerumani, husimulia meli hiyo, sarafu hazimjii.

Lakini bahari iliyofungwa na Waingereza, sarafu za Ujerumani zisiweze kufika, ndiyo iliyozaa sarafu za hapa. Askari na wapagazi walitaka ujira wao, na fedha ilikuwa imekwisha. Serikali ikachapa noti za dharura, nyingine baadaye zikapigwa kwa mihuri ya mpira tu. Nani aiamini karatasi ya namna hiyo?

Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, wakaanza kupiga sarafu wenyewe. Heller 5 na 20 zilitoka kwenye shaba iliyookotwa, maganda ya mizinga yakiwemo. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, Iramba. Ikafanywa rupia 15: upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo ameinua mkonga, milima nyuma yake, na chini herufi T ya Tabora. Ina gramu 7 na kitu. Zilipigwa kama 16,000 tu. Wajuzi huzigawa mafungu mawili, kwa kutazama pambo lililo upande wa tai linaishia chini ya herufi gani. Septemba 19 mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia Tabora, kazi ikawa imekwisha.

Wakusanyaji wa Marekani hugombea dhahabu za Charlotte na Dahlonega, viwanda vidogo vya kusini vilivyofunguliwa 1838 karibu na machimbo, vikafungwa 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko. Tabora ni kinyume chake: vita ndivyo vilivyoifungua. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani yake hasa, kuliko uzito wa dhahabu, ambayo hata si safi: robo yake ni madini mengine.

Nyingi sasa zimo makabatini mwa matajiri wa Ulaya na Marekani. Ukikuta rupia ya Mjerumani katika kasha la marehemu, ya dhahabu, fedha au hata heller ya shaba, usiisugue kwa majivu na ndimu, wala usimpelekee sonara aiyeyushe. Iache na kutu yake, uipeleke kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, waitazame.