Maji ya Mji na Mshahara wa Mgonjwa: Unguja 1869, Pickering 2020

Jamaa zetu waliotawanyika Maskati, Dubai, London na huku Canada hupenda kuulizana habari za Unguja ya zamani: nani alijenga nyumba ipi Mkunazini, nani alioa kwa nani, shamba la mikarafuu la fulani lilikuwa upande gani. Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani alikuwa akichota maji ya nyumba hizo. Hata hivyo, nionavyo mimi, swali hilo ndilo linalotufunulia maana ya misiba miwili iliyoachana kwa miaka 150: kipindupindu kilichoingia Unguja mwaka 1869, na UVIKO-19 ulioingia hapa Pickering mwaka 2020.

Kipindupindu kile kilifuata njia za biashara. Kilitoka upande wa Bara Arabu, kikateremka na misafara iliyopita nchi ya Wamasai, kikatokeza pwani ya Pangani, na mwishoni mwa 1869, sawa na 1286 Hijria, kikaingia mji wa Unguja, katika siku za mwisho za utawala wa Sayyid Majid bin Said. Habari zake tunazipata zaidi kwa tabibu James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini humo. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara, akaifuatilia njia ya maradhi hatua kwa hatua, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki.

Maradhi hayakugawa mauti kwa usawa. Visima vya mjini vilikuwa vifupi, na vingi vilichimbwa karibu na vyoo na taka. Mwenye mali aliweza kujifungia nyumbani, au kuhamia shambani kwake, akangoja balaa ipite. Mtumwa, hamali na mpagazi hawakuwa na hiari hiyo. Walibeba mizigo bandarini, walichota maji ya wenyewe, wakalala wengi katika vibanda vya Ng'ambo, na huko ndiko kifo kilikochuma zaidi. Wengi katika babu zetu walikuwa upande wa nyumba za mawe. Tunapojivunia milango yao ya nakshi, haki inatutaka tuwakumbuke pia waliopita mlango wa nyuma na mitungi vichwani.

Sayyid Majid alifariki Oktoba 1870, akarithiwa na ndugu yake, Sayyid Barghash, ambaye aliwahi kuishi uhamishoni Bombay na kuona mji mkubwa unavyoendeshwa. Katika enzi yake, iliyokwisha 1888, maji ya chemchemi yaliyo kaskazini ya mji yaliletwa hadi mjini kwa mfereji. Sadaka ilikuwapo Unguja kabla yake, na watu wema hawakukosekana. Lakini sadaka humfikia yule anayeonekana na mtoaji, ilhali mfereji humfikia hata asiyejulikana jina.

Sasa tuje Pickering, mji wetu huu ulio mashariki ya Toronto, katika mkoa wa Durham. Majira ya kuchipua ya 2020, makao ya wazee ya Orchard Villa yalikumbwa na maambukizi, na wazee wapatao 70 wakafariki katika wimbi la kwanza. Hali ilifika pabaya hata wanajeshi wa Canada wakapelekwa kusaidia huko na katika makao mengine manne ya Ontario. Taarifa yao, iliyotolewa hadharani tarehe 26 Mei 2020, ilitaja mende, nzi, na wazee walioachwa bila kubadilishwa nguo zilizochafuka.

Ndani ya makao ya namna hiyo pia mna daraja za mali. Katika Ontario, mzee alipaye kiwango cha chini hulala chumba cha pamoja, na katika majengo ya zamani chumba hicho kiliweza kuwa na vitanda vinne. Alipaye zaidi hupata chumba cha peke yake. Maradhi yaendayo kwa pumzi yalipoingia, tofauti ya malipo ikawa tofauti ya hewa.

Na wahudumu wao je? Wengi ni wanawake wahamiaji, wakiwamo waliotoka Afrika ya Mashariki. Kwa kuwa makao mengi yaliwapa saa chache na ujira mdogo, walifanya kazi mahali pawili au patatu ili wapate kodi ya nyumba. Hivyo wakapita baina ya wagonjwa kama misafara ya Pangani ilivyopita baina ya vijiji, bila kujua wamebeba nini. Serikali ya jimbo iliwalazimisha kubaki katika makao mamoja Aprili 2020, wakati moto umekwisha kushika paa.

Takwimu za Toronto zilithibitisha yale ambayo watu wa kazi waliyajua. Julai 2020 idara ya afya ya jiji ilieleza kwamba asilimia 51 ya walioambukizwa walitoka katika nyumba zenye kipato cha chini, ilhali nyumba hizo zina asilimia 30 tu ya wakazi. Katika mkoa jirani wa Peel, wenye maghala na viwanda vingi, uchunguzi wa idara ya afya ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne walioambukizwa alikwenda kazini akiwa na dalili. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni rahisi kuwalaumu. Lakini asiyelipwa akiugua hupima homa yake kwa kodi ya nyumba.

Ontario iliwahi kuwapa wafanyakazi siku 2 za dharura zenye malipo kuanzia Januari 2018. Bunge la jimbo likaziondoa mwishoni mwa mwaka huo huo. Serikali kuu ilileta fidia ya dola 500 kwa juma mwaka 2020, lakini ilimtaka mtu awe amekosa angalau nusu ya juma la kazi, na aombe mwenyewe. Aliyehitaji siku 2 za kungoja majibu ya kipimo hakupata kitu. Siku 3 zenye malipo zilipitishwa mwishoni mwa Aprili 2021, katika wimbi la tatu, na zikakoma tarehe 31 Machi 2023. Mfereji ulijengwa baada ya watu kufa, kisha ukabomolewa.

Baadhi yetu tulikuwa wastaafu na watu wa ofisi, tukajifungia na kuletewa vyakula mlangoni. Binti zetu na wapwa zetu wengine walipanda basi alfajiri kwenda makao ya wazee na maghala. Ndugu zangu mnaokusanya nasaba na picha za ukoo, nakuombeni jambo moja. Mtakapofika mwaka 2020, msiandike tarehe za kufariki peke yake. Andikeni kila mmoja alifanya kazi gani, alilala na wangapi chumbani, na kama angelipwa siku ambayo hakwenda kazini.