Hisabati kwa Ncha za Vidole

Katika mwaka wa 1707 alifika Cambridge, katika nchi ya Uingereza, kijana mmoja wa umri wa miaka 25, jina lake Nicholas Saunderson. Hakuwa na fedha, wala hakuandikishwa kuwa mwanafunzi katika chuo chochote cha hapo. Tena alikuwa kipofu, kwa maana ndui ilimpofusha alipokuwa na umri wa mwaka mmoja hivi. Alikuja kufundisha. Akapewa makao katika chuo cha Christ's, akaanza kutoa masomo juu ya kazi za Isaac Newton, na wasikilizaji wakawa wengi. Miongoni mwa mambo aliyoyaeleza ni elimu ya nuru na rangi, vitu ambavyo yeye mwenyewe hakuwa na kumbukumbu ya kuviona. Mwaka wa 1711 Malkia Anne aliamuru apewe digrii ili aweze kukalia kiti cha Profesa wa hisabati, kiti kile kile alichokikalia Newton kabla yake. Saunderson akakikalia mpaka alipofariki mwaka wa 1739.

Watu wengi husimulia habari hizi kama muujiza, kisha hunyamaza. Msomaji mwenye hamu ya kujua hana budi kuuliza swali moja zaidi: alifanyaje? Vitabu alisomewa na rafiki zake, hilo ni rahisi kulifahamu. Lakini hesabu ndefu haibebeki kichwani tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi wenye macho tukifika mstari wa saba huinua macho kuutazama mstari wa tatu. Asiyeona arudi wapi?

Saunderson alirudi kwenye ubao wake. Aliutengeneza mwenyewe, ukiwa umegawanywa katika miraba midogo, na kila mraba ulikuwa na matundu tisa, matatu kwa matatu. Alikuwa na pini za namna mbili, zenye vichwa vikubwa na zenye vichwa vidogo. Pini kubwa katika tundu la katikati ilikuwa sifuri, na pini ndogo hapo hapo ilikuwa moja. Kwa namba zilizobaki, pini kubwa ilikaa katikati, na ndogo ikawekwa katika mojawapo ya matundu manane yaliyoizunguka: ikiwa juu kabisa, ni mbili, ikiwa juu upande wa kulia, ni tatu, na kuendelea hivyo kama uendavyo mshale wa saa, hata kufika tisa. Yasemekana vidole vyake vilikwenda kwa wepesi wa ajabu. Maelezo ya ubao huo yalichapwa mwaka wa 1740, ndani ya kitabu chake cha aljebra kilichotolewa baada ya kufa kwake.

Hata hivyo ubao ule ulikuwa chombo cha mtu mmoja. Haukuweza kutunza somo zima, wala kufungwa katika jalada na kutumwa kwa kipofu mwingine mji wa mbali. Saunderson alijifungulia mlango, na alipokufa mlango ukajifunga.

Miaka karibu mia mbili baadaye twaona jambo hilo hilo katika Urusi. Lev Pontryagin alizaliwa mwaka wa 1908, akapoteza macho akiwa na miaka 14 stovu ya mafuta ilipolipuka. Mama yake, Tatyana Andreevna, alikuwa mshonaji wa nguo na hakuwa na elimu ya hisabati. Ndiye aliyemsomea mwanawe vitabu vyote, hata vya lugha za kigeni, ambazo ilimpasa ajifunze kwanza kuzisoma. Alipokutana na alama asizozijua alizitaja kwa sura zake: ile ya muungano wa seti aliiita mkia juu, na ile ya makutano, mkia chini. Kijana akaelewa. Alikuja kuwa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne yake. Lakini chuo kikuu hakiwezi kumpa kila mwanafunzi asiyeona mama wa namna hiyo.

Huenda msomaji akasema, mbona breli ilikuwapo tayari? Ni kweli. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni kwa ajali katika karakana ya baba yake, alitangaza maandishi yake ya nukta nundu mwaka wa 1829. Kwa hadithi na barua yalifaa sana. Katika hisabati yalikuwa na dosari mbili. Kwanza, namba ziliandikwa kwa nukta zile zile za herufi kumi za mwanzo, zikitanguliwa na alama ya kuonyesha kuwa ni namba. Na katika aljebra herufi na namba husimama bega kwa bega. Pili, breli huenda katika mstari mmoja, hali hisabati hupanda na kushuka. Chukua maneno haya: eksi jumlisha moja gawanya kwa mbili. Ikiwa eksi ni 5, jibu ni 3, au ni 5½? Mwenye macho hutazama mstari wa sehemu umeanzia wapi, akajua. Msomaji wa vidole hubaki akibahatisha.

Aliyelitatua jambo hili ni Abraham Nemeth wa New York, aliyezaliwa kipofu mwaka wa 1918. Baba yake alimfundisha sura za herufi za kawaida kwa kumpapasisha maandishi yaliyoinuka kwenye masanduku ya posta barabarani. Alipoingia chuoni alitaka kusoma hisabati, washauri wake wakamwambia haiwezekani kwa kipofu. Nadhani walidhani wanamhurumia. Akasoma elimu ya nafsi, akapata digrii ya pili katika chuo kikuu cha Columbia mwaka wa 1942, na bado kazi aliyoitaka hakuipata. Mkewe, Florence, ndiye aliyemwuliza kama hangependelea kuwa mwanahisabati asiye na kazi kuliko kuwa mtaalamu wa nafsi asiye na furaha.

Nemeth akarudi darasani, na kwa kuwa alihitaji maandishi, akayatunga. Namba alizishusha hatua moja ndani ya nafasi ya nukta sita, zisigongane na herufi. Akaweka alama ya kufungua sehemu na ya kuifunga. Akaweka alama ya kupanda kwenye kipeo, na nyingine ya kumrudisha msomaji chini. Sasa eksi jumlisha moja juu ya mbili haikuweza tena kuchanganywa na eksi jumlisha nusu. Mwaka wa 1952 utaratibu wake ulikubaliwa rasmi Marekani, na vitabu vya hisabati ya juu vikaanza kuandikwa kwa namna ambayo kipofu yeyote aliyejifunza angeweza kuvisoma peke yake, usiku, bila kumsumbua mtu.

Mwaka wa 1955 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Detroit, akafundisha huko miaka 30. Aliandika ubaoni kwa chaki kama walimu wengine. Alitunga pia kanuni za kuisoma hisabati kwa sauti, ambamo msomaji hutamka mahali sehemu inapoanza na mahali inapokoma. Kanuni hizo zatuhusu sana sisi walimu. Katika vyuo vyetu vya ualimu utamsikia mwanachuo akifundisha huku ameuelekea ubao: "Hiki tunakihamishia huku, hiki tunakikata na hiki." Asiyeona hapati kitu katika sentensi hiyo, na mara nyingi hata aketiye nyuma kabisa hapati.

Hapa Kenya, shule ya wasioona ya Thika ilianzishwa mwaka wa 1946, na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika taasisi za elimu na ya kutumia breli. Haki hiyo yahitaji mikono. Kitabu kimoja cha kalkulasi hakina budi kupitiwa ukurasa kwa ukurasa na mtu aijuaye breli na hisabati pia, kila mlinganyo uhakikiwe, na kila mchoro uinuliwe juu ya karatasi ili kidole kiufuate. Kazi hiyo isipokamilika kabla ya muhula kuanza, mwanafunzi huingia darasani siku ya kwanza bila kitabu.