Daftari la Starlet

Daftari lenyewe ni la kawaida: kurasa 96, jalada la samawati, lile ambalo watoto wa shule ya msingi huandikia hesabu. Baba alilianza mwaka 2006, siku aliyonunua Toyota Starlet kuukuu kutoka kwa mwalimu mmoja wa Malindi kwa shilingi 240,000, akaliandika hadi 2018. Kila shilingi iliyoingia kwenye gari imo humo: plagi, oili, pancha, hata chai ya fundi. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani Tezo, nililisoma kwa hasira. Nilikuwa natafuta karo yangu ilikopotelea. Siku hizi nalisoma kama historia.

Tuanze kabla ya Starlet. Miaka ya sabini na themanini gari dogo lilikuwa mali ya wachache. Serikali ilibana uagizaji, na magari mengi mapya yaliunganishwa hapa hapa, Thika, Nairobi na Mombasa. Aliyetoka Tezo kwenda Mombasa alisubiri feri pale Kilifi, awe na gari au asiwe nalo. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya. Walitengeneza matano ya majaribio, yakaitwa Nyayo Pioneer, na yaliweza kufika kilomita 120 kwa saa. Yalizinduliwa mwaka 1990. Baada ya hapo fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na habari yake ikaishia hapo.

Starlet kama yetu, ile inayoitwa EP82, ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1989. Miezi ile ile! Moja ilikuwa na kiwanda, spea na meli nyuma yake. Nyingine ilikuwa na hotuba.

Kisha milango ikafunguka. Mwaka 1991 daraja la Kilifi, lililojengwa na Wajapani, liliiondoa feri. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa tisini masharti ya fedha za kigeni na uagizaji yalilegezwa, na magari ya mtumba yakaanza kumiminika bandarini. Kule Japani gari la binafsi hukaguliwa kwa lazima likifika miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo, unaoitwa shaken, una gharama. Wengi huona afadhali kuuza mapema. Nao huendesha kushoto kama sisi. Basi kile ambacho Mjapani alikiona mzigo, sisi tulikipokea kama gari jipya.

Lakini Kenya nayo ina kanuni yake: gari lililozidi miaka minane haliingii. Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999, Vitz ikachukua nafasi yake. Piga hesabu mwenyewe. Baada ya 2007 hakuna Starlet ambayo ingeweza kushuka Mombasa kihalali. Zilizobaki zikawa kama ukoo usiozaa tena. Mwanzoni hilo halikuumiza, maana zilizokufa zililisha zilizo hai: ulinunua spea iliyotoka kwenye gari la Japani, iliyotumika, na ilidumu. Kadiri miaka ilivyopita, zile za asili zikaadimika, zikabaki mpya za bei nafuu ambazo fundi mwenyewe anakwambia, "Hii sikuahidi kitu."

Sasa tulifungue daftari. Kwa miaka kumi na mbili gari lilikula shilingi 418,000 bila petroli. Shilingi 131,000 zilikwenda chini ya gari: bushi, boljointi, shoki, beringi za magurudumu. Hilo halishangazi. Kutoka lami ya barabara ya Malindi hadi kwetu ni murram yenye mashimo, na kwenye lami yenyewe kuna matuta. Shilingi 118,000 zilikuwa za sevisi: oili, filta, plagi, na mkanda wa taimingi. Matairi yalichukua 64,000. Vitu vidogo vidogo, taa, waya, kuchomelea vyuma vilivyoliwa na hewa ya chumvi, 26,500. Zinabaki 78,500. Hizo ndizo nilizokuwa nazitafuta. Ni za injini kuchemka.

Hapa nilijifunza kusoma tarehe, si bei peke yake. Hadi mwaka 2008 sevisi zimepangwa vizuri, kila kilomita 5,000, kama saa. Baba alikuwa akibeba abiria na mizigo kati ya Tezo na Kilifi: akina mama na maembe yao, wagonjwa usiku, bibi harusi mara mbili. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo. Bodaboda zikajaa njia panda kama siafu. Kijana aliyekosa kazi akapata kazi, na sina ugomvi naye. Wengine nimesoma nao. Baadaye zikaja Probox, zenye nafasi kubwa nyuma na injini isiyotumia mkanda bali cheni. Abiria wa Starlet wakapungua. Daftarini, sevisi inaruka hadi kilomita 7,000, kisha 9,000.

Halafu naukuta mstari wa Agosti 2009: "Kutoa thamostati, 300."

Thamostati ni kilango kidogo kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinafunga. Maji yakifika nyuzi themanini na kitu kinafunguka, yakazunguke kwenye rejeta. Kikikwama kimefungwa, gari linachemka. Mpya iliuzwa 1,200. Kuitoa kabisa ilikuwa 300. Fundi alisema maneno ambayo kila mwenye gari kuukuu ameyasikia: "Joto lote hili la Pwani, hii ya nini?" Mshale wa joto ukashuka, kila mtu akafurahi. Kumbe injini ikawa inafanya kazi ikiwa baridi, ikanywa petroli zaidi, na rejeta iliyokuwa ikizibika ndani haikuonekana kuwa na shida. Na ilizibika kwa sababu badala ya kulanti tulikuwa tunatia maji ya kisima, na maji ya visima vyetu yana chumvi.

Miaka tisa ikaenda hivyo. Humo mna pampu ya maji, mipira, feni, rejeta kuzibwa: jumla 12,800. Mwaka 2018 gari lilichemkia njiani na mgonjwa ndani. Rejeta mpya 6,500. Kusawazisha silinda hedi 3,000. Gasketi 2,200. Kazi ya fundi 6,000. Haikusaidia kitu. Injini iliyotumika ilikuwa 48,000.

Muhula huo karo yangu na kodi ya chumba vilikuwa 38,000. Baba hakuamua peke yake. Alinipigia simu. "Sasa, mwanangu, tufanyeje?" Nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu watatu shuleni, na gari ndilo lililowalisha. Nikasema, "Nunua injini, baba." Nilidhani nitarudi chuoni muhula unaofuata. Wapi!

Kwa miaka mingi nilimlaumu fundi, kisha baba, kisha gari. Daftari limeniondolea hayo. Fundi alitoa alichoombwa: njia ya bei rahisi. Baba aliiomba kwa sababu mwaka ule mapato yalikuwa yamekatika, na hakuna mtu anayechagua 300 badala ya 1,200 kwa kupenda. Ukisikia mtu akisema magari kuukuu ni kichomi, mwulize kwanza mwenyewe alikuwa na kiasi gani mfukoni siku lilipoharibika.

Injini ile ya 2018 inawaka hadi leo. Bodi ndiyo inayokwisha, chini ya milango unaona ardhi. Mwaka jana nilinunua thamostati kwa fedha ya makala, na lita tano za kulanti. Fundi, yule yule, amezeeka sasa, akaigeuza mkononi akacheka. "Bado mwazitia hizi?"

"Tia tu, mzee," nikamwambia.

Jioni nikaufungua ukurasa uliofuata wa daftari, nikaandika tarehe, nikaandika bei.