Kutoka Kliniki ya Masikio hadi Behewani

Katika kiangazi cha 1979, vijana wa kampuni ya Sony walikuwa wakipanda treni za Yamanote, njia inayozunguka katikati ya Tokyo, siku za Jumapili, na hawakuwa na safari yoyote. Walikuwa wamebeba Walkman, mashine ya kaseti isiyo na spika wala kitufe cha kurekodi, iliyoingia madukani Julai 1 kwa yeni 33,000. Kichwani walivaa hedifoni za sponji zenye uzito wa takriban gramu 50, wakati ambapo hedifoni nyingi za nyumbani zilikuwa nzito mara kadhaa zaidi. Kazi yao ilikuwa kuonekana tu. Abiria waliokuwa wakiwakodolea macho ndio waliokuwa soko lenyewe.

Akio Morita, mkuu wa Sony, alikuwa na wasiwasi mmoja: mtu kusikiliza muziki peke yake mbele za watu ni utovu wa adabu. Kwa hiyo Walkman ya kwanza ilipewa matundu mawili ya hedifoni, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa kilichoshusha muziki ili wasikilizaji wawili waongee. Morita aliiwaza adabu, ila tatizo likatokea upande mwingine. Sponji haizuii sauti. Mngurumo wa treni unaingia, muziki unatoka, na jirani kwenye kiti anaambulia matoazi bila wimbo. Mwaka 1982 Sony ikatoa vipokea sauti vidogo vya kukaa mlangoni mwa sikio, aina ya MDR-E252. Vilikuwa vyepesi kwelikweli, lakini navyo viliacha mwanya. Sauti inayovuja kutoka masikioni mwa wengine ikawa lalamiko la kudumu la abiria wa Japani, na mabango ya kuwaasa wasikilizaji yakabandikwa kwenye vituo na mabehewa.

Dawa ilikuwa inachemshwa Marekani, na wapishi wake hawakuwa watu wa muziki.

Mead Killion alikuwa mhandisi aliyefanya kazi miaka mingi Knowles, kampuni ya jimbo la Illinois inayotengeneza maikrofoni na spika ndogo mno za vifaa vya kusaidia kusikia. Mwaka 1983 alianzisha kampuni yake, Etymotic Research, huko Elk Grove Village, karibu na uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago. Moja ya bidhaa zake za mwanzo, ER-3A, ilikusudiwa wapimaji wa usikivu. Hawa walikuwa na tabu mbili. Mgonjwa anayetakiwa kusikia mlio hafifu kabisa hapaswi kusikia pia viatu vya watu koridoni. Isitoshe, hedifoni nzito za kupimia zingeweza kulibana sikio hadi tundu lake likajifunga, kipimo kikaonyesha uziwi usiokuwepo. Killion aliiongoza sauti kwa mrija mwembamba uliopenya katikati ya kizibo cha sponji, na kizibo kikaingizwa ndani ya sikio.

Sponji yenyewe ilikuwa na historia yake. Ross Gardner aliivumbua mwaka 1967 katika maabara ya National Research Corporation, ikawa vile vizibo vya manjano ambavyo wafanyakazi wa viwandani wanavijua. Unaibiringisha kwa vidole mpaka iwe nyembamba kama njiti ya kiberiti, unaitia sikioni, unaishikilia, nayo inavimba taratibu ikifuata umbo la tundu. Kabla yake watu walitegemea nta: mwaka 1907 Max Negwer, mfamasia wa Berlin, alibuni Ohropax, nta iliyochanganywa na pamba, na Franz Kafka alikuwa miongoni mwa wateja.

Mwaka 1991 Etymotic ilichukua wazo la kliniki ikalipeleka kwenye muziki, kwa jina la ER-4. Badala ya sponji kulikuwa na mpira laini wenye vizingo vitatu, kidogo mbele na kikubwa nyuma. Kuuvaa kunahitaji kujifunza: unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa, unavuta sikio juu na nyuma, unalowanisha mpira kidogo, kisha unasukuma mpaka dunia inyamaze. Kampuni ilitaja punguzo la desibeli 35 hivi. Gharama yake si fedha tu. Waya ukigusa shati unasikika ndani ya kichwa, mtu akitafuna anajisikia akitafuna, na nta ya sikio huziba kichujio kidogo ambacho lazima kibadilishwe. Wapo wasioweza kuvumilia kitu kilichozama namna hiyo, na hawana makosa.

Wanamuziki walifuata njia yao. Jerry Harvey, fundi sauti wa kundi la Van Halen, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen vipokea sauti vya kujikinga na kelele za jukwaani, na mwaka 1995 ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Shure, nayo ya eneo la Chicago, ikaingia na E1 mwaka 1997.

Abiria wa kawaida alichelewa. iPod ilipotoka mwishoni mwa 2001 ilikuja na vipokea sauti vyeupe visivyoziba kitu, na mabehewa ya New York yakajaa waya nyeupe. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha vipimo vya kelele za treni za jiji hilo: wastani wa desibeli 86 kwenye majukwaa, na kilele cha 112 ndani ya behewa. Mtu asiye na kizibo hana njia isipokuwa kupandisha muziki juu ya hapo. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani, sauti ya desibeli 80 inavumilika saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa nne tu. Anayesafiri saa moja kwenda na saa moja kurudi anazimaliza Jumanne.

Hapo ndipo uchaguzi wa kipokea sauti unapogeuka kuwa uchaguzi wa mpira. Hata pakiti za bei nafuu sokoni Kariakoo huwa na mipira ya saizi tatu, na wengi hawaigusi ile mingine. Mpira ukipwaya, besi ndiyo inayotoroka kwanza. Mnunuzi anailaumu spika, anaongeza sauti.

Umeme ulikuja kusaidia. Mhandisi Amar Bose alianza kuchora hesabu za kufuta kelele ndani ya ndege mwaka 1978, marubani wakauziwa hedifoni zake 1989, na AirPods Pro za Oktoba 2019 zikaufikisha ufundi huo masikioni mwa mamilioni. Ufundi huo unafuta vizuri mngurumo mzito. Milio mikali ya magurudumu kwenye kona imebaki kazi ya mpira.

Septemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha programu ya kugeuza AirPods Pro 2 kuwa kifaa cha kusaidia kusikia, kwa watu wazima wenye upungufu mdogo au wa wastani wa kusikia. Kabla ya kumpima mtu usikivu, simu hukagua kama mipira imeziba sawasawa na kama pale alipo pametulia. Akijaribu ndani ya treni, ataambiwa atafute mahali pengine.