Gitaa la bati na pikapu: mtu aliyelipa sauti ndiye aliyelizima

Najua niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata, lakini mjomba wangu wa Nakuru amenivurugia ratiba. Alinitumia gitaa kwa basi, limefungwa kwa blanketi la Raymond, pamoja na ujumbe mfupi wa simu: "Mpwa, wewe ni mtu wa mitambo. Litie umeme kabla ya harusi ya dada yako. Usilitoboe." (Dada yangu hapa ni binti yake. Kiswahili cha shule kinasema binamu, lakini kwetu ukisema hivyo watu wanadhani mmekosana.)

Gitaa lenyewe si la mbao. Mwili wake ni bati la chuma (nilijaribu kwa sumaku ya friji ikanata), na katikati kuna kifuniko chenye matundu. Chini ya kifuniko hicho kuna koni ya alumini, nyembamba kama ya spika, na juu ya ncha yake kipande cha mbao cha duara ambacho mafundi hukiita biskuti. Nyuzi hukandamiza biskuti, biskuti hutikisa koni, koni husukuma hewa. Kwa Kiingereza linaitwa resonator, basi tuseme gitaa la rezoneta. Sebuleni lina kelele ya kutosha kuamsha jirani. Lakini bendi ya mjomba ina ngoma na kinanda cha umeme, na kwa mwaka mzima amekuwa akipiga bila mtu kumsikia. Vijana wa bendi walimwambia anunue gitaa la kawaida la umeme au akae nyumbani. Ndiyo sababu ya lile basi.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja: nunua pikapu, bandika, maliza. (Pikapu ninayosema si ile ya kubebea maziwa. Ni kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme, ili amplifaya iukuze.) Wiki tatu baadaye ndipo nikaelewa kwamba nimeingilia ugomvi wa karibu miaka mia moja.

Twende Los Angeles, katikati ya miaka ya 1920. Hakuna amplifaya ya gitaa popote. Mpiga gitaa akikaa kando ya tarumbeta na banjo anakuwa pambo tu. Mmoja wao, George Beauchamp (hutamkwa Bichamu), mtu wa Texas aliyepiga gitaa la Kihawaii kwenye maonyesho ya jukwaani, alichoka kutosikika. Kama mjomba wangu kabisa. Akamwendea fundi John Dopyera, mhamiaji kutoka Slovakia, aliyekuwa na karakana ya vyombo vya muziki pamoja na ndugu zake. Jaribio la kwanza lilikuwa kulifungia gitaa pembe kama ya gramafoni. Halikufaa. La pili lilikuwa koni tatu za alumini ndani ya mwili wa metali, zikiunganishwa na daraja lenye umbo la herufi T. Hili lilipiga kelele tamu.

Beauchamp alilipeleka kwenye sherehe ya jamaa yake tajiri, akiwa na bendi ya Sol Hoopii, bingwa wa gitaa la Kihawaii. Tajiri huyo alifurahi kiasi cha kutoa dola 12,500 za kuanzisha kiwanda, na mwaka 1927 kampuni ya National ilikuwa inafanya kazi. Wale mnaotafuta wawekezaji kwa slaidi za PowerPoint mmesikia jinsi wenzenu walivyofanya.

Ugomvi haukuchelewa. Ikaja koni moja yenye biskuti, ambayo ilikuwa rahisi kutengeneza, na kila mmoja akadai wazo ni lake. Hataza ya serikali ilimwendea Beauchamp. Dopyera akaondoka, na kabla ya 1929 kwisha yeye na ndugu zake walikuwa na kampuni yao. Waliiita Dobro: mwanzo wa jina la ukoo wao ukiunganishwa na mwanzo wa neno la Kiingereza la ndugu, brothers, na pia neno linalomaanisha "nzuri" kwa Kislovakia. Koni yao waliigeuza kama bakuli, na juu yake wakaweka daraja lenye miguu minane kama buibui. Hadi leo koo hizo mbili, ya biskuti na ya buibui, zina sauti tofauti na pikapu tofauti. Ukinunua pikapu bila kujua gitaa lako ni la ukoo upi, pesa zako zimepotea.

Sasa sikiliza jambo lililonifanya niandike makala haya. Mwaka 1931 Beauchamp alifukuzwa National. Tayari alikuwa akicheza na umeme nyumbani: alifungua pikapu ya gramafoni, akaifunga kwenye kipande cha mbao chenye uzi mmoja, akasikiliza. Waya wa koili yake inasimuliwa kwamba aliuzungusha kwa mota ya mashine ya kufulia. Matokeo yalikuwa sumaku mbili za umbo la kwato ya farasi zilizozunguka nyuzi, na koili chini yake. Uzi wa chuma ukitikisika unavuruga uga wa sumaku, na mvurugo huo unazalisha umeme ndani ya koili. Ni kanuni ya Faraday ya mwaka 1831, ile tuliyokariri kidato cha nne. Akaungana na Adolph Rickenbacker, ambaye karakana yake ilikuwa ikitengeneza miili ya metali ya National, na mwaka 1932 wakaanza kuuza gitaa la umeme.

Gitaa hilo lilikuwa na mwili mdogo wa duara na shingo ndefu, likapewa jina la utani Kikaango. Mwili wake ulikuwa alumini ngumu. Halikuwa na tundu wala koni. Yule yule aliyezunguka mji mzima akitafuta koni, alipopata pikapu aliitupa koni. Hakuihitaji tena, kwa sababu pikapu ya sumaku haisikii mwili wa gitaa wala hewa. Inasikia uzi.

Aliomba hataza mwaka 1934. Maofisa wa Washington walitilia shaka kama kitu hicho kinafanya kazi kweli, ikabidi wanamuziki wapelekwe kuwapigia papo hapo. Hataza ilitoka Agosti 1937, lakini Gibson walikuwa wameshatoa ES-150 yao tangu 1936. Magitaa ya bati yakaanza kuonekana ya kizamani, na vita vilipoingia Marekani mwaka 1941 metali ikahitajika kwingine. Beauchamp alifariki mwaka huo huo.

Yangeisha hapo, ila sauti ya koni ilikuwa imeshaingia kwenye sahani za santuri. Wazee wa bluzi wa Mississippi kama Son House na Bukka White walitumia National, na vijana wa miaka ya 1960 walipowatafuta wazee hao walitaka na gitaa lao. Ndugu wa Dopyera walirudi kazini na kampuni mpya mwaka 1967. Mwaka 1985 albamu ya Dire Straits, Brothers in Arms, ilibeba picha ya National ya 1937 kwenye jalada. Kufikia 1989 kulikuwa na kiwanda kipya California, National Reso-Phonic. Na watu hawa wapya walipiga kwenye kumbi zenye spika kubwa. Kwa hiyo wakataka pikapu.

Turudi kwangu. Nilianza na pikapu ya sumaku, ile nyembamba ya kubandika karibu na shingo. Kwanza, nyuzi za mjomba zimeviringishwa shaba, ambayo sumaku haiioni vizuri. Nyuzi nyembamba zilipiga kelele na nene zikanong'ona. Nikabadilisha nyuzi. Ikasikika vizuri, lakini kama gitaa lolote la umeme. Nilikuwa nimetengeneza Kikaango cha kilo nyingi! (Si haki kabisa: koni hunyonya nguvu ya uzi haraka, kwa hiyo noti hufa upesi kama ya banjo, na hilo pikapu inalisikia. Lakini ile sauti ya bati haipo.)

Pili nilijaribu kipaza sauti kidogo kinachoning'inia juu ya koni. Sauti ilikuwa yenyewe hasa. Kisha nikaongeza amplifaya na nyumba nzima ikalia wiii. Koni ni spika, na spika pia ni sikio: sauti ya ukumbi inaitikisa, kipaza kinaichukua, amplifaya inairudisha. Wale waliowahi kuandika programu inayojiita yenyewe bila kikomo wanajua inavyoisha.

Tatu ni piezo, fuwele inayotoa umeme ikikandamizwa; ndugu wawili wa Curie walilieleza hilo mwaka 1880. Kwa ukoo wa biskuti huuzwa biskuti kamili iliyo na piezo ndani. Unatoa ya zamani, unaweka mpya, na siku ukichoka unarudisha. Hakuna kutoboa. Inasikia pale uzi unapokutana na koni, si hewa, lakini ladha ya bati ipo. (Wapigaji wa nyatiti nao hawana njia ya sumaku, kwa kuwa nyuzi zao za nailoni sumaku haizijui.)

Nilipoichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa jirani, ilitoa sauti nyembamba kama redio ya betri iliyokwisha. Nilikuwa karibu kuirudisha dukani. Kosa lilikuwa langu: piezo inataka kifaa chenye ukinzani mkubwa sana wa kupokelea, omu milioni moja au zaidi, vinginevyo besi yote inapotea njiani. Kiboksi kidogo cha kati, chenye betri ya volti 9, kikamaliza shida.

Kuna njia ya nne, ambayo kama mwandishi wa programu ndiyo iliyonitoa mate. Fishman, pamoja na Jerry Douglas, bingwa wa dobro, walirekodi gitaa kwa vipaza sauti vya studio na kwa pikapu kwa pamoja, kisha wakageuza tofauti kuwa hesabu inayofanyika ndani ya kiboksi. Unapiga kwa pikapu, kinatoka kitu kinachofanana na kipaza sauti. Ila ni ya ukoo wa buibui na bei yake ni ya mbuzi kadhaa. Nimeanza kujaribu kuandika ya kwangu ya biskuti. Msimbo nitauweka hapa ukifanya kazi.

Jumamosi nilimpelekea mjomba gitaa. Alilipiga na bendi kwa saa nzima, akasema juu kuna ukali kidogo. Nikapunguza treble. Biskuti ya zamani ameifunga kwenye leso na kuiweka kabatini. Harusi ni Desemba, na nimeshanunua betri tatu za akiba.