Anayebaki pale mtu anapoanguka

Kifungu cha 173 cha Sheria ya Usawa ya Uingereza, ya mwaka 2010, kinaeleza mbwa msaidizi ni yupi. Kinamtaja mbwa wa asiyeona, kinamtaja mbwa wa kiziwi, kisha kinamtaja mbwa aliyefundishwa kumsaidia mtu ambaye ulemavu wake ni kifafa. Dereva wa teksi akimkataa abiria wa namna hiyo kwa sababu ya mbwa wake, na hana kibali cha kitabibu kinachomruhusu kukataa, amevunja sheria.

Nchi hiyohiyo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu mmoja wa wanandoa ana kifafa. Marekani nako, hadi miaka ya 1970, ilikuwa halali kumzuia mwenye kifafa asiingie mgahawani au ukumbi wa sinema. Kuna watu walio hai leo ambao ujana wao ulipita milango ikifungwa mbele yao, na uzeeni sheria inawaambia waingie, tena na mbwa.

Mbwa wa wasioona ndio waliotangulia. Wajerumani walifungua shule ya kuwafundisha mjini Oldenburg mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Marekani ikafuata mwaka 1929, ilipoanzishwa The Seeing Eye huko Nashville, na mwaka 1931 mbwa wa kwanza wa Uingereza wakahitimu Wallasey. Baadaye wakaja mbwa wa viziwi na wa watu wanaotumia viti vya magurudumu. Kifafa kilichelewa sana, na sababu si ngumu kuiona. Asiyeona anamhitaji mbwa kila anapotoka, na kazi yenyewe inajulikana: kona, ngazi, kuvuka barabara. Mwenye kifafa anaweza kukaa wiki nzima akiwa mzima kabisa, halafu akaanguka jikoni sufuria ikiwa motoni. Nani angejua kumfundisha mnyama kazi isiyo na saa wala mahali?

Tena ilitumainiwa kwamba dawa zitamaliza tatizo. Bromaidi ilianza kutumika mwaka 1857, Alfred Hauptmann akagundua nguvu ya fenobabitoni mwaka 1912, fenitoini ikafuata mwaka 1938. Dawa hizi na zilizokuja baada yake zimewainua watu wengi mno. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini wapo wanaomeza dawa bila kukosa hata siku moja na bado wanaanguka, wengine mara kadhaa kwa wiki, wengine usingizini. Hao ndio walio hatarini kuungua, kuzama ndani ya beseni la kuogea, na kufa ghafla usiku. Kifo hicho cha ghafla humpata takriban mtu mzima mmoja kati ya 1,000 wenye kifafa kila mwaka, na hatari huzidi kwa anayetukutika usiku huku amelala peke yake. Kuwa na mwenzako chumbani ni sehemu ya kinga.

Hapo ndipo Sheffield inapoingia. Katika mji huo wa chuma, kaskazini mwa Uingereza, shirika la Support Dogs lilianzishwa mwaka 1992, na mkufunzi wake Val Strong akaanza kulishughulikia jambo ambalo wenye kifafa walikuwa wakilisema siku zote bila kusikilizwa: kwamba mbwa wao hubadilika kabla hawajaanguka. Mmoja hukataa kumwacha mwenyewe atoke, mwingine humkodolea macho na kulia. Strong hakuwaambia wanajidanganya. Aliuliza kama tabia hiyo inaweza kufundishwa.

Njia aliyoifuata inaeleweka na yeyote aliyewahi kufuga. Msingi wake ni tuzo. Mtu anapoanguka, mbwa akimjia na kumshughulikia, anapewa kitu anachokipenda. Anajifunza kwamba tukio linalowakimbiza watu, kwake yeye lina malipo. Likirudiwa vya kutosha, mbwa huanza kuzishika dalili za mwanzo ambazo sisi hatuzioni, na anadai malipo yake mapema: anabweka, anapapasa kwa mguu, anakaza macho na hataki kuyaondoa. Mwaka 1999 Strong na wenzake waliandika katika jarida la Seizure kwamba mbwa waliofundishwa hivyo walitoa onyo dakika 15 hadi 45 kabla. Dakika 15 zinatosha kuzima jiko, kushuka ngazi, kumpigia simu dada, kulala chini kwenye zulia.

Mwaka 2002 wakachapisha jingine lililoshangaza zaidi. Watu 10 walifuatiliwa baada ya kupewa mbwa, na 9 kati yao walipungukiwa na kuanguka kwa asilimia 34 au zaidi. Mbwa hatibu ubongo. Watu 10 ni wachache, na hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo sitalipa jambo hili uzito usiolistahili. Lakini ukiwasikiliza wagonjwa utaelewa kwa nini linaweza kuwa kweli: anayeishi kwa hofu ya kuanguka hachoki mwili tu, halali vizuri, na kukosa usingizi na wasiwasi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha kifafa. Hofu ikipungua, na chanzo kimoja kimepungua.

Sifa za mbwa mtabiri zilienea haraka, na madaktari wakaanza kuuliza maswali, kwa haki kabisa. Mwaka 2007 jarida la Neurology lilitoa ripoti kutoka Marekani za watu waliokuwa na mbwa wa namna hiyo, lakini walipolazwa na kupimwa mawimbi ya ubongo huku wakirekodiwa kwa video, baadhi yao ikaonekana kuanguka kwao hakutokani na kifafa bali na msongo wa nafsi. Mbwa alikuwa amesoma kitu cha kweli, ila si kile walichodhani wengi. Tangu hapo, mashirika mengi yamekuwa makini kutomwahidi mteja utabiri. Wanamwahidi kile kinachofundishika kwa hakika: mbwa atakayebonyeza kitufe cha kuita msaada, atakayeleta simu, atakayebweka hadi mtu wa chumba cha pili aje, atakayelala ubavuni mwa mgonjwa asijigonge ukutani, atakayemlamba uso mpaka fahamu zirudi.

Swali la mbwa anajuaje lilibaki wazi hadi mwaka 2019. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rennes, Ufaransa, walikusanya pumzi na jasho la wagonjwa wa aina mbalimbali za kifafa, wakati wa kuanguka na nyakati nyingine, wakawapa mbwa 5 wa shirika la Medical Mutts la Marekani wanuse. Mbwa 3 hawakukosea hata mara moja kuitambua sampuli ya kifafa. Miaka miwili baadaye, Chuo Kikuu cha Queen's cha Belfast kiliwajaribu mbwa 19 wa kufugwa nyumbani, wasio na mafunzo yoyote, na wote walionyesha kuathirika na harufu hiyo. Kwetu Tanzania hili halipaswi kuonekana kama uchawi. Pale Morogoro, shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kwa miaka mingi wamefundisha panya buku kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Maradhi yana harufu, na wapo viumbe wanaoinusa.

Msomaji wa pwani atauliza kuhusu najisi, na ni swali la maana. Waislamu wa Uingereza walilikabili mwaka 2008, pale baraza lao la sharia lilipotoa fatwa ya kumruhusu mbwa wa kijana asiyeona kufika msikitini, Leicester. Mbwa akatengewa sehemu yake karibu na mlango, nje ya ukumbi wa sala. Wanazuoni walitazama dharura ya mwenye shida na usafi wa mahali pa ibada, wakavipa vyote viwili nafasi.

Nikisoma habari hizi za Sheffield na Rennes, mawazo yangu huenda Mahenge, wilayani Ulanga. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alipofika kwenye milima hiyo ya Wapogoro na kuanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, aliwakuta wagonjwa wakiwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mekoni, na waliokuwepo waliogopa kuwagusa, kwa kuamini kwamba mate ya anayetukutika yanaambukiza. Walikula peke yao, kwa vyombo vyao. Jilek-Aall aliwapa fenobabitoni, na wengi waliacha kuanguka. Mbwa wa Sheffield analamba mate yaleyale. Hajaambiwa kuwa ni hatari, na hayana hatari.

Mbwa wa kifafa bado ni habari ya kusoma kwa wengi wetu, na kumfundisha mmoja kunagharimu fedha ambazo familia ya Ulanga au Kilifi haitaziona. Dawa ya kifafa, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, inaweza kupatikana kwa dola 5 hivi kwa mwaka, na nchi zetu hazina kisingizio cha kuacha zahanati bila dawa hiyo. Kazi nyingine ya mbwa, ile ya kubaki, inawezwa na jirani yeyote. Msogeze mgonjwa mbali na moto na maji. Mwekee kitu laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu kumzuia kutukutika. Mwili ukiacha kutukutika, mlaze ubavu, kaa naye hadi ajue yuko wapi. Tazama saa: zikipita dakika 5 na hajatulia, tafuta gari la kumpeleka hospitali.