Tuzo za Hollywood za 1929: Taadhima ya Mwisho kwa Sinema Bubu

Jioni ya tarehe 16 Mei 1929, katika ukumbi wa Blossom wa hoteli ya Roosevelt mjini Hollywood, wageni wapatao 270, ambao tikiti zao ziliuzwa kwa dola 5, walikula, wakasikiliza hotuba, kisha wakamwona Douglas Fairbanks, mwigizaji mashuhuri na rais wa kwanza wa Akademia ya Sanaa na Sayansi za Sinema, akizigawa tuzo zote kwa muda wa robo saa hivi. Tashwishi haikuwapo, maadamu majina ya washindi yalikwisha kutangazwa tangu Februari.

Akademia hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Aliyeibuni ni Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya Metro-Goldwyn-Mayer, aliyetaka pawe na baraza la kuwakutanisha wenye mali, waongozaji, waigizaji, waandishi na mafundi, ili hitilafu za kazi na ijara zisuluhishwe pasipo nguvu za vyama vya wafanyakazi. Na tuzo, zilizoanza kama jambo la pembeni katika shauri hilo, ndizo zilizolipa jina lake.

Filamu bora ilikuwa *Wings*, kisa cha marubani wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichoongozwa na William Wellman, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa rubani vitani; na *Sunrise* ya Mjerumani F. W. Murnau ikapewa tuzo ya usanifu wa pekee. Janet Gaynor, mwigizaji wa miaka 22, alituzwa kwa filamu tatu kwa pamoja, na mwigizaji Emil Jannings kwa mbili, naye alikabidhiwa tuzo yake mapema kwa sababu alikuwa akirejea Ulaya, kwani sinema ya sauti haikuwa na nafasi kwa lafudhi yake ya Kijerumani.

Hapo ndipo ilipo maana ya usiku ule. *The Jazz Singer*, iliyowasikilizisha watazamaji sauti za waigizaji mwaka 1927, haikuruhusiwa kushindania tuzo ya filamu bora, ila Warner Bros. walipewa tuzo ya heshima. Na Joseph Farnham alituzwa kwa uandishi wa maneno yaliyoonyeshwa kati ya picha, tuzo ambayo haikutolewa tena asilani, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ikitoweka.

Kwa maoni yangu waamuzi walitenda insafu: waliitukuza sanaa ya sinema bubu iliyofikia kilele cha ustadi wake, wala hawakukimbilia jambo jipya kwa upya wake. Lakini sifa pekee haikutosha kuihifadhi. *The Way of All Flesh*, mojawapo ya filamu mbili zilizompatia Jannings ushindi, imepotea, na vipande vichache tu ndivyo vilivyosalia. Basi anayeienzi sanaa kwa dhati hana budi kuitengea ghala la kuitunza kwa bidii ile ile anayoiandalia karamu ya kuisifu.